Lango Lililohamishwa

Ukuta ulikuwa bado mbichi. Niliugusa kwa kiganja, nikidhani macho yangu ndiyo yanayonidanganya, na saruji ikaniachia unyevu wake vidoleni. Mahali palipokuwa na lango la bluu la chekechea ya Shangazi, lango ambalo mimi mwenyewe nililipita mara ya kwanza nikiwa nimemng'ang'ania Baba kidole huku nikilia kana kwamba ninapelekwa machinjioni, sasa palikuwa na matofali yaliyopangwa vizuri, bila dirisha, bila hata tundu la kuchungulia. Nyuma ya matofali hayo niliwasikia watoto wakiimba irabu.

"Usiukumbatie ukuta wa watu," mkuu wangu alisema nyuma yangu. "Sukuma gurudumu, jua linapanda."

Mkuu wangu, afisa wa mipango miji, mji mzima ulimwita Futi Kamba, kwa sababu hakuna kitu alichoweza kukitazama bila kutamani kukipima. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu niliyepelekwa ofisini kwake kwa mafunzo ya vitendo, na siku ile tulikuwa tumekuja na gurudumu la kupimia umbali, lile la fimbo ndefu ambalo huhesabu mita kadiri linavyobingirika. Mwenye Nyumba, bwana aliyemiliki majengo yote ya upande ule wa barabara kuu, likiwemo la chekechea, alikuwa ameomba kibali cha kuligeuza duka lake la samani kuwa ukumbi wa mashine za kamari. Kumbi za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuota katikati ya mji kama uyoga baada ya mvua: mmoja mkabala na benki, mwingine palipokuwa na duka la vitabu, mwingine palipokuwa na kinyozi wa Baba. Kanuni ya mji ilikuwa na meno mahali pamoja tu. Ilisema ukumbi wa kamari usiwe ndani ya mita mia mbili kutoka shuleni, umbali huo upimwe kutoka lango la shule hadi mlango wa ukumbi, kwa njia wanayopita watu wa miguu.

Duka la samani na chekechea vilipakana ukuta kwa ukuta. Ndiyo maana nilikuwa nimetoka ofisini na furaha isiyofichika. Nilipoliona ombi lile nilijiambia kwamba limekufa kabla ya kuzaliwa. Niliamini, na hata sasa ninaamini, kwamba mpango wa mji ni ahadi ambayo watu wazima huwapa wale wasio na sauti ya kuidai. Kumbe ahadi hiyo huweza kuhamishwa, kama meza.

"Lango liko wapi?" nilimuuliza.

"Limehamia nyuma, uchochoroni, wiki kadhaa sasa; hapa wameziba juzi tu. Mwenye shule kaamua."

"Mwenye shule ni shangazi yangu."

Futi Kamba akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Basi Shangazi utamuuliza ya kwenu. Mimi nipimie lango."

Tulibingirisha gurudumu kutoka kwenye mlango wa duka la samani, tukapita mbele ya matofali mabichi, tukaizunguka kona ya posta, tukawapita mafundi viatu, tukajibana ukutani pale malori yanapopakua magunia, kisha tukaingia uchochoroni hadi kwenye lango jipya. Lilikuwa la bati, limepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na bado halijaandikwa chochote. Futi Kamba akainama kuisoma hesabu.

"Mia mbili na kumi na moja. Imepita." Aliyasema hayo bila furaha wala huzuni, kama mtu anayesoma hali ya hewa.

"Lakini ukuta ni mmoja, mkuu! Mtoto akipiga chafya huku, mcheza kamari anaitikia kule!"

"Kanuni haipimi chafya, binti. Inapima njia."

Nilimkuta Shangazi akikusanya vipande vya chaki sakafuni, kwani hakuwa mtu wa kutupa kitu ambacho bado kinaandika.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, wakili wa mji. Umekuja kunipima na mimi?"

"Shangazi, lango umelifanya nini?"

"Nimelihamisha. Lango si mlima."

Alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Nilibaki nimesimama na gurudumu langu mkononi. Hatimaye akaketi kwenye kimoja cha vile viti vidogo na kunionyesha kingine.

"Alikuja hapa," alisema. "Akakaa hapo hapo ulipokaa, magoti yakamfika masikioni. Akaniambia kwa upole, wala hakupandisha sauti: Mwalimu, lango likibaki barabarani, sipati kibali. Nisipopata kibali, naibomoa safu nzima nijenge maegesho ya magari. Chagua. Sasa ulitaka nichague nini? Afadhali lango lihame kuliko shule."

"Ungeniambia!"

"Nikuambie ili uje na vitabu vyako? Wazee walisema mwenye nguvu mpishe. Walijua walichokiona."

"Umempisha mpaka wapi, Shangazi?"

"Mlangoni," akajibu kwa ukali. "Nimempisha mlangoni. Darasani hajaingia."

Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumfukuza muuza sigara kwa ufagio kwa sababu tu alitandaza biashara yake mahali ambapo watoto wangeiona. Nilimtazama kana kwamba mtu mwingine amekopa sura yake. Niliaga, naye hakunisindikiza.

Jioni ile, nyumbani, mdogo wetu wa mwisho alikuwa amekaa mbele ya redio iliyozimwa. Sisi humwita Chiriku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hajapumzika. Alikuwa akisoma kwa Shangazi, mwaka wake wa mwisho wa chekechea. Alikipiga kitufe cha redio mara tatu kwa kidole kimoja, akasubiri, kisha akarusha mikono juu.

"Tiriririri! Nimepata!"

"Umepata nini, mama?" Mama aliuliza akiwa jikoni.

"Taa za dhahabu! Mimi hupiga mara tatu. Rafiki yangu hupiga moja tu, ana haraka, ndiyo maana hapati."

"Na hizo taa ziko wapi?"

"Kwenye nyumba ya taa, si pale tunapopita!"

Baba alicheka hadi gazeti likamwanguka. "Huyu atakuwa mtangazaji. Juzi paka aliwafundisha hesabu, leo wana nyumba ya taa."

Nami nilicheka. Nilikuwa mezani nikiandaa maelezo ambayo Futi Kamba aliniruhusu kuyatoa mbele ya kamati, na akili yangu yote ilikuwa kwenye ukuta ule mmoja. Nyumba ya taa ilipita masikioni mwangu ikaenda zake.

Kamati ya mipango ilifika siku ya pili, karibu na adhuhuri. Iliongozwa na Mama Mwenyekiti, muuguzi mstaafu, mwenye mwavuli mweusi ambao aliutumia kuonyeshea vitu kuliko kujikingia jua. Mwenye Nyumba alitupokea barabarani, shati lake limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe.

"Tazama vioo hivi, Mama," alisema mbele ya ukumbi. "Vyeusi tii. Hata nzi hawezi kuona kilichomo ndani. Mimi pia ni mzazi."

"Na ndani kumeanza kazi?"

"Hapana, hapana. Mafundi wanajaribu mashine tu. Bila kibali siwezi kumpokea mteja hata mmoja."

Futi Kamba akapima upya mbele ya wote, kutoka mlangoni hadi uchochoroni, huku wajumbe wakimfuata jasho likiwatoka. Gurudumu halikubadili kauli: mia mbili na kumi na moja. Akanikabidhi nilishike.

"Kwa hiyo kanuni imetimia?" aliuliza Mama Mwenyekiti.

"Imetimia."

"Nasikia mwanafunzi ana neno."

Nilisema kwamba lango limehama lakini shule haijahama. Kwamba watoto wanasoma pale pale walipokuwa wakisoma, wametenganishwa na mashine kwa upana wa tofali moja. Nilisema kanuni ikitiiwa kwa hila inakuwa imevunjwa kwa adabu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo, na ilipotoka niliisikia ikianguka kama sarafu kwenye zulia.

Mwenye Nyumba akatabasamu. "Binti yangu, tukianza kupima kuta, mji wote ni jirani wa mji wote. Wewe soma, umalize, kisha urekebishe kanuni. Leo tufuate iliyopo."

Wajumbe wawili wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Mama Mwenyekiti akautazama mwavuli wake. Nilijua kwamba nimeshindwa.

Hapo kengele ya chekechea ikalia.

Lango jekundu likafunguliwa, na watoto wakatoka wawili wawili wameshikana mikono, wakiongozwa na msaidizi wa Shangazi, msichana mpole aliyekuwa akihesabu vichwa. Tukawapisha. Nilitarajia wageuke kushoto, tulikotoka sisi, kuelekea kwenye malori na kona ya posta, wakafike barabara kuu ambako wazazi huwasubiri. Hawakugeuka kushoto. Waligeuka kulia, wakatembea hatua chache kandokando ya ukuta, wakasimama mbele ya mlango wa chuma wa kijivu ambao sikuwa nimeutilia maanani. Msaidizi akagonga. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani, na sauti ya mwanamume ikasema kwa uchangamfu:

"Haya, wateja wangu! Ingieni, ingieni!"

Wakaingia.

Mjumbe mmoja alikuwa ameinua leso kujifuta shingo, na leso ikabaki hapo hapo. Mimi ndiye niliyekimbia kwanza. Nikalitupa gurudumu kando ya ukuta na kuingia nyuma ya mtoto wa mwisho.

Ndani kulikuwa na baridi na giza la mchana. Mguu wangu ulizama katika zulia. Mashine zilisimama safu mbili, ndefu kama watu wazima, zote zikiwa zimewashwa, nyekundu na dhahabu zikikimbizana kwenye vioo vyake, na katikati ya safu hizo watoto wa chekechea walipita kwa mstari ulionyooka, mikoba mgongoni. Kila mmoja, bila kuambiwa, aliinua mkono alipofika penye mashine yake, akakibonyeza kile kitufe kikubwa cha chini, akaendelea na safari. Hawakusukumana. Hawakushangaa chochote. Walifanya hivyo kama mtu anavyovua viatu mlangoni kwao. Mashine ziliwajibu moja baada ya moja, na sasa niliutambua ule wimbo.

Tiriririri.

"Dada!" Chiriku alinirukia. "Na wewe umekuja? Njoo nikuonyeshe yangu, hii hapa yenye samaki!"

Alibonyeza mara tatu. Picha zikazunguka, zikasimama, taa za dhahabu zikamwagika usoni mwake. Fundi wa mashine, kijana mwenye bisibisi sikioni, akapiga makofi.

"Bingwa wangu! Huyu huwa hakosi." Akamtolea pipi mfukoni. Hakuwa na ubaya wowote machoni, na hilo ndilo lililonitia baridi zaidi.

Nilimshika Chiriku mkono, yeye akauchomoa mkono wake polepole ili aimenye pipi.

Nilipogeuka, wajumbe walikuwa wamejaa kwenye mlango wa kijivu. Mbele yao alisimama Shangazi. Alikuwa amekuja kuisalimu kamati, gauni lake la heshima limejaa vumbi la chaki ubavuni, na alikuwa akiwatazama watoto wake wakibonyeza, mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Uso wake ulikuwa umepauka kama jivu.

"Mwalimu," msaidizi alisema kwa hofu, "si uliniambia tupite humu?"

"Nilikuambia," Shangazi alijibu. Sauti yake haikusikika vizuri. "Lori lilitaka kumkanyaga mtoto pale kwenye kona. Yeye akasema, wapitishe kwangu, chumba ni kitupu. Kilikuwa kitupu. Wallahi kilikuwa chumba kitupu."

"Huo ni mlango wa dharura tu!" Mwenye Nyumba alikuwa amejipenyeza hadi mbele. "Zimamoto ndio walionilazimisha niuweke. Hautumiki!"

"Hautumiki?" Mama Mwenyekiti alinyoosha mwavuli wake kuelekea mstari wa watoto. "Na hawa wote ni dharura?"

"Mama, ni msaada tu, ujirani mwema, mambo ya muda."

"Mkuu," nilimwambia Futi Kamba. "Kanuni inasema, kwa njia wanayopita watu wa miguu."

Futi Kamba alirudi uchochoroni, akaliokota gurudumu pale nilipolitupa, akairudisha hesabu yake kwenye sifuri. Akaliweka mbele ya lango jekundu, kisha akalisukuma taratibu nyuma ya watoto wawili waliokuwa wamechelewa kufunga kamba za viatu, akiifuata njia yao hasa, hadi kwenye kizingiti cha mlango wa kijivu. Akainama.

"Mita kumi na moja," alisoma kwa sauti ya juu. Kisha, bila kumtazama mtu: "Nilisema kanuni inapima njia. Sikuuliza ni njia ya nani."

Mwenye Nyumba alimgeukia Shangazi. Sasa upole ulikuwa umemtoka. "Mwalimu, waambie kwamba hiyo si njia. Waambie kuanzia kesho wanazunguka posta. Neno moja tu. Kumbuka tulivyokubaliana."

Sote tulijua alichokuwa akimkumbusha. Neno moja, na ukumbi ungekuwa na kibali, na shule ingebaki na paa. Nilimwona Shangazi akinitazama mimi, kisha Chiriku, ambaye shavu lake lilikuwa limevimba pipi.

"Nilimwambia mtoto wa kaka yangu kwamba darasani hujaingia," alisema hatimaye. "Kumbe hukuwa na haja ya kuingia. Ulinifanya nikuletee." Akamgeukia Mama Mwenyekiti. "Hiyo ndiyo njia yao, Mama. Asubuhi wanaingilia humo, adhuhuri wanatokea humo. Nimeitoa mimi, kwa mdomo wangu."

"Basi tafuta pa kwenda na viti vyako vya kitoto," Mwenye Nyumba akasema.

"Nitatafuta."

Kamati ililikataa ombi lile alasiri hiyo hiyo, na hakuna mjumbe aliyenyoosha mkono kulitetea. Nilikuwa nimeusubiri ushindi huo tangu siku ya kwanza ya mafunzo yangu. Ulipokuja nilikuta sina pa kuuweka, kwa kuwa kabla jua halijatua Mwenye Nyumba alikuwa amekwisha kumpa Shangazi notisi: muhula ukiisha, ahame.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka Chiriku shuleni mwenyewe. Tulisikia nyundo kabla hatujafika. Mbele ya chekechea, matofali yalikuwa yakianguka barabarani, na kwenye pengo lililokuwa likipanuka alisimama Shangazi, kitambaa kimefungwa kichwani, akimwelekeza fundi mahali pa kugonga. Lango la bluu lilikuwa limeegemezwa pembeni, likisubiri.

"Shangazi, na muhula ukiisha?"

"Ukiisha tutaondoka. Lakini tutaondoka kwa lango letu, mbele ya watu, mchana kweupe." Akajifuta jasho kwa mkono wa gauni. "Na wewe usisimame hapo kama mwenge wa sherehe. Mji ni mkubwa, una vyumba. Tumia hilo gurudumu lako kunitafutia kimoja ambacho hakipakani na bahati ya mtu."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisha nikasikia mkono wa Chiriku ukichomoka katika wangu.

Alikuwa amekimbilia kwenye ukumbi wa jirani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, vioo vyeusi havikuonyesha kitu ila sisi wenyewe. Alipousukuma mlango na haukufunguka, alianza kulia. Si kilio cha madeko, bali kile cha mtoto aliyeachwa sokoni.

"Njia yangu! Dada, sijapiga! Leo sijapiga!"

Nilimbeba huku akinipiga mateke, nikampitisha kwenye pengo la matofali, Shangazi akimpokea kwa upande wa pili na kumfuta machozi kwa vidole vyenye saruji. Akanyamaza kidogo kidogo. Shangazi akamweka chini mbele ya mlango wa darasa, akamwambia aingie, wenzake wameanza irabu.

Chiriku hakuingia. Aliutazama ule mlango, akainua kidole, akakitafuta kichwa cha msumari kilichokuwa kimejitokeza kwenye mbao, akakibonyeza. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Kisha akauinua uso wake mdogo juu, akasubiri taa ziwake.